Mrejesho: seva iliyojaa wakati VM (kompyuta pepe) zina nafasi tele

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyeuliza kwa nini seva yangu ya Proxmox (mfumo wa kuendesha VM) inalalamika diski imejaa, ilhali ukiingia ndani ya VM unakuta nafasi tele. Nilikuwa nimegawa VM 3 za GB 200 kila moja juu ya LVM-thin (hifadhi inayotoa nafasi halisi kadiri data inavyoandikwa) ya GB 480, na amri ya lvs, inayoonyesha hifadhi hiyo imejaa kiasi gani, ikasoma asilimia 97.

Mliosema nianze na snapshoti (nakala za hali ya diski ya wakati fulani), asanteni sana. Nilikuta 4 za tangu mwaka jana, nikazifuta, ikashuka hadi 81. Kisha nikawasha discard (inayoruhusu VM irudishe nafasi ya mafaili yaliyofutwa) kwenye kila diski, nikazima VM kabisa na kuziwasha tena (kuriboot kutoka ndani hakusaidii, hapo nilipoteza saa nzima), nikaendesha fstrim -av, amri inayorudisha nafasi hiyo. Sasa inasoma 58.

VM ya tatu imenigomea. Diski yake imefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski), na kumbe LUKS haipitishi discard mpaka uiruhusu mwenyewe. Nimeiacha kwanza, ina data za watu. Mlioshauri ninunue diski nyingine mnisamehe, mfuko umetoboka. Nimewasha fstrim.timer (inayoendesha fstrim yenyewe kwa ratiba) kwenye zile mbili.