Mjadala: Je, shule za msingi zipangwe hadharani kwa wastani wa mtihani?

MLETA MADA:
Wadau, salaam. Kila matokeo ya shule za msingi yanapotoka, hoja hii hurudi: shule zitangazwe kwa wastani wa alama kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, au zisitangazwe? Kenya ilifuta upangaji huo mwaka 2014. Tanzania, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora Januari 2023. Wengi walilalamika wakati huo na bado wanalalamika.

Mimi nasema zisipangwe. Mtihani siuogopi. Mtoto apimwe, tena mapema, asije akafika madarasa ya juu hajui kusoma. Ninachokataa ni kuuchukua wastani wa shule na kuufanya hukumu ya kazi ya walimu wake.

Tupige hesabu. Darasa lina watoto 20, wastani wao ni alama 62, jumla 1,240. Wawili wa mwisho hupata 30 kila mmoja. Siku ya mtihani hao wawili hawapo: mmoja anaumwa, mwingine kaambiwa arudie darasa. Wanabaki 18 wenye jumla ya 1,180, na wastani unapanda hadi 65.6. Hakuna mtoto aliyejifunza chochote zaidi, lakini shule imezipita nyingine kadhaa. Mwaka unaofuata wakiingia watoto watatu wenye shida ya kusoma, shule ile ile, walimu wale wale, inaporomoka na mwalimu mkuu anaitwa kujieleza. Shule ndogo ndizo zinazoyumba zaidi, kwa sababu kila mtoto ana uzito mkubwa ndani ya wastani.

Wenye maoni tofauti karibuni, nataka kuwasikia.

MZAZI WA WATOTO WATATU:
Ndugu mleta mada, hesabu yako sina ugomvi nayo. Ila umesahau jambo moja. Orodha ikifichwa, upangaji hauishi. Unahamia kwenye minong'ono. Mwenye shemeji mwalimu atajua shule ipi watoto wanasoma na ipi walimu hawaingii darasani. Mimi nisiye na mtu ndani ya elimu nitajulia wapi? Orodha ile, pamoja na kasoro zake, ndiyo karatasi pekee niliyowahi kuishika nikaenda nayo kwenye kikao cha wazazi nikauliza, "Mbona miaka minne mfululizo tuko chini?" Kabla ya hapo tulikuwa tunaambiwa watoto wetu ni wazito tu. Na shule zinazofanya vizuri zitajitangaza zenyewe, serikali ikatae isikatae. Zitakazonyamaza ni zile ambazo mzazi anahitaji zaidi kuzijua.

MWALIMU WA MADARASA YA JUU:
Nimefundisha darasa la mtihani kwa miaka mingi, naomba niseme yanayotokea upande wa ubaoni.

Muhula wa pili ukianza, tunawagawa watoto makundi matatu, hata kama hakuna anayelitamka hilo. Wapo watakaofaulu hata nisipowafundisha. Wapo walio mpakani, alama mbili tatu tu chini ya ufaulu. Na wapo walioachwa mbali. Kama shule inahesabiwa kwa idadi ya waliofaulu, mwalimu atampa nani jioni yake? Wa mpakani. Yule wa mbali, ambaye ndiye anayenihitaji kuliko wote, kumtoa alama 12 mpaka 28 ni kazi ya mwaka mzima, na kwenye hesabu ya shule kazi hiyo ni sifuri. Nimewahi kuifanya. Mtoto aliingia hawezi kuunganisha silabi, akatoka anasoma aya fupi kwa kujiamini. Aliandikwa "amefeli", nami nikaulizwa kwa nini.

Kingine ni maswali ya kuchagua. Maswali 40 yenye majibu manne manne, asiyejua kitu akibahatisha yote hupata kama 10. Kwa hiyo tunafundisha mbinu za kuchagua. Insha haiulizwi, basi insha haiandikwi. Sayansi inageuka kuwa mitihani ya miaka iliyopita, mmoja baada ya mwingine.

Shule moja niliyofundisha, niliombwa niwaambie wazazi wa watoto wawili wasiwalete siku ya mtihani. Nilikataa. Mwingine alikubali kwa niaba yangu.

MLETA MADA:
Mwalimu, ahsante kwa kusema hilo la mwisho waziwazi. Mashinikizo yakizidi hufika mbali zaidi ya hapo. Mjini Atlanta, Marekani, uchunguzi wa jimbo la Georgia uliotolewa mwaka 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44 na ukawahusisha walimu na wakuu wa shule 178. Kuna waliofuta majibu ya watoto na kuandika majibu yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Sheria ya nchi yao ya mwaka 2002 ilikuwa imetaka kila mtoto afikie kiwango cha kusoma na hesabu ifikapo 2014. Lengo zuri, ila adhabu ilifungwa kwenye namba ambayo mwalimu anaweza kuigusa kwa kifutio.

Mzazi mwenzangu, kwenye minong'ono umenishika. Nalegeza msimamo: matokeo yasifichwe. Lakini matokeo ya kila shule yatolewe na mambo matatu pamoja: walioandikishwa darasa la kwanza ni wangapi, waliofanya mtihani ni wangapi, na watoto hao hao walikuwa na kiwango gani miaka mitatu nyuma. Na kama serikali inataka kujua watoto wa nchi wanasoma au hawasomi, ifanye kama Uwezo, mpango wa kupima kusoma na hesabu za watoto, walivyofanya Afrika Mashariki tangu 2009: wapimaji wanamfuata mtoto nyumbani kwao na jaribio la kiwango cha darasa la pili. Hapo shule haina mtoto wa kumficha.

MWALIMU WA MADARASA YA JUU:
Hilo la miaka mitatu nyuma nalipenda, ila liwekewe ulinzi. Shule ikijua itapimwa kwa hatua walizopiga watoto, itatamani jaribio la mwanzo liwe baya. Asimamie mtu wa nje.

MZAZI WA WATOTO WATATU:
Sawa, hapo tunakaribiana. Lakini hayo yatachukua miaka, na mwanangu wa mwisho anaanza shule karibuni. Nikienda kutafuta shule kesho niulize nini, kama siulizi wastani?

MWALIMU WA MADARASA YA JUU:
Uliza wastani, mama, hakuna ubaya. Kisha omba daftari za watoto wa darasa la tatu, si za yule bora wanayemwonyesha kila mgeni. Tazama kama kuna sentensi walizotunga wenyewe, na kama mwalimu amesahihisha kwa maneno au kwa alama ya vema tu. Halafu uliza darasa hilo lilikuwa na watoto wangapi mwaka jana, na wasiokuwepo wamekwenda wapi.