Naombeni ushauri: baba anauliza kama mama atafufuka na mguu wake

BintiMachame (Moshi)
Habari za jioni ndugu zangu. Mama tulimzika mwezi wa nne, kihambani kwetu Machame, yaani shamba la ukoo. Alikuwa na kisukari. Miaka mitatu kabla ya hapo alikatwa mguu juu ya goti, ukabaki hospitalini, na hakuna kati yetu aliyeuliza unapelekwa wapi. Baba ndiye aliyekumbuka, tena jeneza likiwa limeshashushwa. Ana miaka 81, macho yamefifia, kila jioni namsomea Biblia. Na kila jioni ananiuliza: mama yenu yuko wapi saa hii, na atafufuka na mguu ama bila mguu?

Kwenye mazishi lilisomwa Luka 23, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", kisha 1 Wathesalonike 4, waliolala katika Kristo wanangoja parapanda. Baba akanibana: kama yuko peponi tayari, parapanda inamwamsha nani? Tena Luka 24 Yesu anawaambia wamguse, roho haina mwili na mifupa; Paulo naye, 1 Wakorintho 15:50, anasema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Jumapili tukafika Marko 9:45, pale pa kuingia uzimani u kiwete. Nikauruka mstari. Akajua, maana Marko yote iko kichwani mwake.

Sitaki kumdanganya. Nimjibu nini?

Fundi wa Majengo
Pole sana dada. Mwambie mama yuko mbinguni na miguu yake miwili, basi. Mzee wa umri huo usimchoshe na mistari.

BintiMachame
Asante kaka, ila baba alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi. Ataniuliza imeandikwa wapi.

Nuru wa Usa River
Pole mpendwa. Mimi ni Msabato. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Yohana 11, Yesu mwenyewe anasema Lazaro amelala. Ule mstari wa Luka, maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na mkato. Soma "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami" uone kama parapanda bado inakusumbua. Mama amelala, hata habari ya mguu hana. Baba yangu aliteseka sana kabla ya kufa, na hilo ndilo linalonipa usingizi.

Kibosho Juu
Dada Nuru, nakuheshimu, lakini kwingine kote Yesu anaposema "amin, nakuambia" haongezi "leo". Na Wafilipi 1:23 Paulo anatamani aende akakae na Kristo. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kwamba roho iko kwa Mungu sasa, mwili unangoja siku ya mwisho. Parapanda ni ya mwili. Kuhusu mguu: tangu 1963 Kanisa letu linaruhusu maiti kuchomwa, kwa kuwa majivu hayamzuii Mungu kufufua. Mguu mmoja ndio utamshinda?

Mwinjilisti Mstaafu, Marangu
Mwanangu, pole na msiba. Usiruke mstari tena. Mrudie Marko 9, umsomee yote. Pale Yesu anaonya juu ya mguu unaomkosesha mtu, yaani dhambi. Mguu wa mama yako ulikatwa kwa ugonjwa.

Hiyo "nyama na damu", fungua Mathayo 16:17: Petro anaambiwa mwili na damu havikumfunulia, maana yake si binadamu aliyemfunulia. Ndivyo Wayahudi walivyomtaja mwanadamu huyu wa kufa. Paulo anasema hali hii ya kuoza haiingii kule. Mwili haukatai, maana mstari wa 44 anasema hufufuliwa *mwili* wa roho.

Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alilishughulikia swali la baba yako miaka 1,600 iliyopita. Aliona kwamba makovu ya wafia dini huenda yakaonekana, ila kiungo kilichokatwa hakitakosekana. Hayo ni mawazo yake, mwambie hivyo baba. Yaliyoandikwa ni Yohana 20: Bwana amefufuka, alama za misumari zipo, na Tomaso anaitwa aguse. Na 1 Wakorintho 15:37, mbegu. Baba yako ni mkulima, muulize: punje iliyotobolewa na dumuzi, kiini kikiwa kizima, ikiota jani linatoka na tundu?

Alipo sasa, mimi Mlutheri nasimama karibu na ndugu wa Kibosho, lakini Luther naye mara nyingi alikiita kifo usingizi. Usimlazimishe mzee kuchagua usiku mmoja.

BintiMachame
Shikamoo baba mwinjilisti. Jana nilimsomea Marko 9 bila kuruka. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikajuta. Nikamuuliza la punje. Akaniagiza nikamletee mbegu za stoo kwenye ungo, akazipapasa moja moja hadi akapata yenye tundu. Asubuhi tumeifukia karibu na sale, ule mmea wetu Wachaga, la kaburini, mvua za vuli zimeanza.

Swali la mama yuko wapi bado analo. Dada Nuru, leo ameomba nimsomee Yohana 11.