Tupeane uzoefu: jarida gani la akina mama lilikufanya uuchukie mwili wako?

Mleta mada: Leo saluni Sinza nimekuta rundo la majarida ya zamani ya Sauzi. Jalada moja nimeliona nikaishiwa nguvu. Ndilo nililobandika ndani ya mlango wa kabati nikiwa kidato cha tatu. Nikivua sare namtazama yule dada, halafu najitazama mimi. Kuna mwenzangu?

Mama Pacha: Tupo wengi, bibie. Mwaka 2005 Nancy Sumari alipotwaa Miss World Africa, bwenini kwetu chakula cha jioni kilikuwa kinarudi jikoni.

Pangu Pakavu: Naweka kambi hapa.

Binti Mbagala: Kwangu haikuwa unene, ni rangi. Kila jalada weupe, nikaingia kwenye mkorogo. Haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, imepigwa marufuku lakini unaipata, kopo halina hata lebo. Jua la Dar likaniadhibu: mashavu mekundu, viungo vya vidole vyeusi vilevile. Daktari wa ngozi swali lake la kwanza, una mimba? Kumbe mikorogo mingine ina zebaki, nayo inaharibu figo na inapita hadi kwa mtoto tumboni. Halafu 2017 namwona Lupita Nyong'o kwenye jalada la Grazia la Uingereza, nywele zake wamezifuta kwa kompyuta, naye akawasema hadharani. Mwenye Oscar wanamchonga, sembuse mimi?

Wakili Msomi: Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo lenye mwanamitindo aliyechongwa mwili lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa.

Binti Mbagala: Huku kopo lenyewe halijaandikwa kitu mkuu, ndiyo iwe picha?

Fundi Manzese: Mmenikumbusha mbali. Wateja wangu hawaji na kitambaa tu, wanakuja na ukurasa uliochanwa. "Fundi, nataka kama huyu." Kuna bibi harusi alileta picha ya gauni la send-off. Nikampima, nikashona, akaja kujaribu na mawifi zake. Likamkaa mpaka nikajipongeza moyoni. Akasimama kwenye kioo, akaiweka ile picha kando ya shavu, akatazama, akatazama tena. Machozi. Nikajua nimekosea mshono. Akasema, "Umepatia, fundi. Aliyekosewa ni mimi." Mawifi kimya. Akataka nipunguze inchi mbili kiunoni, eti mpaka siku ya shughuli atakuwa amekonda. Nikakataa, akalipeleka kwa fundi mwingine. Nasikia alishinda kwa maji ya limau tu. Ukumbini, anainama kumlisha mama mkwe keki, zipu ikafumuka mpaka chini. MC akaamrisha watu wote wainuke wacheze, ndipo mashangazi wakapata nafasi ya kumzungushia khanga. Na yule wa kwenye picha naye gauni halikumkaa! Wanapiga mbele, nyuma kitambaa kimebanwa kwa vibanio. Nilimwambia. Akasema namfariji.

Pangu Pakavu: Ndoa ilifungwa?

Fundi Manzese: Ilifungwa. Nguo za watoto wake nashona mimi. Za kwake haleti.

Mzee wa Ubishi: Chai hii, sukari imezidi.

Fundi Manzese: Njoo nikuonyeshe daftari la vipimo.

Kijana Gongo la Mboto: Majarida mnayaonea bure. Wabongo tunapenda aliyejazia, nani kawatuma mkonde?

Shangazi Tabata: Na hao waliojazia wengine wamejazia kwa dawa za Kichina Kariakoo. Jarida linataka tukonde, nyie mnataka tujazie, tukae wapi?

Kijana Gongo la Mboto: Sijamtuma mtu Kariakoo.

Shangazi Tabata: Ila waliokwenda unawageukia barabarani.

Mama Pacha: 😂😂 Shangazi kamaliza.

Dada wa Temeke: Hamieni saluni za uswahilini. Hakuna majarida, kuna umbea, na umbea haunenepeshi.

Mzee wa Ubishi: Umbea ndio mbaya zaidi. Mke wangu aliambiwa "umefutuka" na msusi wake, wiki nzima nyumbani hatukuona wali.

Afya Kwanza: Acheni wanga usiku, maji moto na limau asubuhi.

Mama Pacha: Limau tena? Hujasoma habari ya zipu?

Dada wa Temeke: Fundi, gauni la kitenge bei gani? Nakuja na picha, usinicheke.

Fundi Manzese: Bei tutaongea, wiki hii nimejaa. Uje na bitana yako, yangu imekwisha.

Mzee wa Ubishi: Daftari bado nalisubiri.