Nimepunguzwa kazini baada ya miaka 11 ya programu za maktaba. Nianzie wapi?

Rafu ya Chini: Wakuu, naombeni ushauri. Wiki tatu zilizopita tuliitwa watu wanane kwenye kikao cha robo saa, tukatoka hatuna kazi. Kampuni ilitengeneza kitu kimoja tu: programu ya katalogi za maktaba. Mimi nilikuwa wa Delphi, lugha ya kuandikia programu, na zaidi nilihamisha rekodi za MARC, yaani muundo wa kuhifadhi taarifa za vitabu kwenye kompyuta, kutoka mifumo ya zamani. Matangazo ya kazi ninayoyaona hayataji Delphi wala MARC. Mke wangu anasema usiku naweweseka namba za sehemu za MARC: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 020 ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Nina miaka 43. Ujuzi huu umeshakufa?

Kipanya: Pole mkuu. Kwanza futa hiyo 43 kwenye CV. Mengine watakuja wanaoyajua.

Bi Katalogi: Pole kaka. Mimi nilipunguzwa kama wewe, nikakaa miezi mitano bila kipato, kwa hiyo sikudanganyi kwamba ni rahisi.

Lakini MARC imeanza miaka ya 1960 Marekani na bado maktaba zinaitumia. Umeigusa Koha, programu ya kuendesha maktaba? Ilizaliwa New Zealand, ikaanza kazi mwaka 2000, na msimbo wake uko wazi. Programu yenyewe ni bure. Kinacholipiwa ni kuisimika, kuitunza na hasa kuhamisha rekodi. Hapo ndipo watu hukwama: kitabu kimoja kina rekodi mbili, moja ya ISBN ya tarakimu 10, nyingine ya 13 zilizoanza 2007; taarifa za nakala hazikai kwenye 952, sehemu ambayo Koha inazitarajia. Koha imeandikwa kwa lugha ya Perl, ndiyo, lakini Perl utaifahamu kwa miezi michache. Rekodi chafu umezizoea miaka 11, hilo hakuna kozi inayolifundisha. Mimi nilianza kwa kurekebisha hitilafu moja ndogo ya Koha, ya aibu kabisa, na aliyeipitia ndiye aliyenipa kibarua cha kwanza.

Rafu ya Chini: Asante dada. Nimeisimika jana, nikaingiza rekodi 300 za majaribio. 41 zimeharibika, herufi zenye alama zote zimegeuka takataka. Kichwa cha rekodi, nafasi ya 09, kinadai herufi zimeandikwa kwa mfumo wa Unicode, kumbe ndani ni MARC-8, mfumo wa zamani wa maktaba. Ugonjwa huu naufahamu vizuri. Nitarudi kesho.