Kafara zisizo na msingi katika michezo ya zamani ya sataranji: zipokelewe au zikataliwe?

Farasi_wa_f3 anauliza:

Salaam kwenu wapenzi wa sataranji. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikirudia michezo ya karne ya 19, hasa ya Adolf Anderssen, bingwa wa Ujerumani wa enzi hizo, hatua kwa hatua, huku programu ya kompyuta ikiwa wazi kando yangu. Jambo linalonitatiza ni kwamba mara nyingi, palepale ambapo wachambuzi wa zamani walishangilia, programu huonyesha kuwa kafara ile (kipande anachokitoa mchezaji kwa makusudi ili apate faida nyingine) haikuwa na msingi, na kwamba aliyetolewa kipande angeweza kukila na kusalimika. Hata hivyo, mimi ninapoipokea kafara ya namna hiyo mbele ya mpinzani wa kweli, saa ikikimbia, hupigwa mati, mfalme wangu asiwe na pa kukimbilia, kabla ya hatua ya 25.

Je, kujua kwamba kafara ni batili kunatosha kunifanya niipokee? Nimesoma pia kwamba enzi zile kukataa kafara kulihesabiwa kuwa woga, na kwamba ndiyo sababu mabingwa walikula kila walichopewa. Naomba maoni yenu.

Ngome_Kimya anajibu:

Ndugu Farasi, ndani ya swali lako mna maswali mawili, na nadhani kuyachanganya ndiko kunakokuponza. La kwanza ni kama kipande kiliwe. La pili, ambalo watu hulisahau, ni kiliwe kwa utaratibu gani.

Chukua mchezo ambao bila shaka umekwisha kuurudia, ule wa Anderssen na Kieseritzky uliochezwa London tarehe 21 Juni 1851, unaoitwa Mchezo Usiokufa. Katika hatua ya 18 Anderssen alimpeleka askofu wake d6 (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo), akaziacha ngome zake zote mbili mdomoni mwa adui. Haikuwa hatua bora. Alikuwa na njia tulivu zaidi, kama vile kusogeza kitunda (askari mdogo) d4 au ngome e1, ambazo zingempa nafasi nzuri sana bila gharama yote ile. Kieseritzky akala ngome ya g1 kwa askofu, na hapo ndipo alipoangamia, kwa maana Anderssen alisukuma kitunda e5, kikaziba mshazari unaotoka a1 hadi h8, na malkia mweusi aliyekuwa b2 akawa hawezi tena kukilinda kitunda cha g7. Ngome ya pili aliila akiwa amekwisha kushindwa. Hatua ya 23 ilikuwa mati.

Sasa linganisha na njia aliyoipendekeza Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, mwaka 1879. Mweusi anaanza na ngome ya a1, tena kwa malkia, kwa sababu hatua hiyo inamtishia mfalme. Mfalme akipanda e2, malkia anarudi b2 na kukikodolea macho kitunda cha c2, ambacho akikila anamtishia mfalme tena, kwa hiyo mweupe hana nafasi ya bure ya kusukuma e5 na inambidi amsogeze mfalme d2. Baada ya hapo ndipo ngome ya g1 inaliwa. Ngome zilizoliwa ni zilezile mbili, lakini safari hii mweusi yu hai na vita vinaendelea.

Kwa hiyo mimi nakushauri upokee, ila usile chochote kabla hujajua kipande chako kinachokula kinaacha kulinda nini.

Mshazari_Mrefu anajibu:

Nakubaliana na Ngome_Kimya, lakini hilo la woga lisipite hivihivi. Limekaririwa mno kuliko linavyostahili. Ernst Falkbeer, mchezaji wa karne ya 19, alitoa jina lake kwa jibu la Gambiti ya Mfalme (ufunguzi ambamo mweupe hutoa kitunda cha f4 mapema) ambalo halimezi kitunda cha f4 hata kidogo: mweusi anasukuma chake d5 na kuanzisha fujo yake mwenyewe. Anderssen huyohuyo, ambaye tunamfanya kielelezo cha zama za kutoa na kupokea, alilitumia jibu hilo dhidi ya Rosanes mjini Breslau mwaka 1862, akashinda kwa ustadi mkubwa. Aliyemwita mwoga simjui.

Nitaongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha swali. Kuna njia ya tatu kati ya kupokea na kukataa, nayo ni kupokea kisha kurudisha. Katika Gambiti ya Evans, ufunguzi ambamo mweupe hutoa kitunda cha b4, wachezaji wa zamani walikula kitunda cha b4 na mara nyingi wakaendelea kula, mpaka mfalme wao akabaki katikati ya ubao bila mlinzi. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia baada ya Steinitz, alikila kitunda hicho, akamrudisha askofu a5, akasogeza kitunda d6, kisha askofu b6, kana kwamba anasema: chako hicho hapo, kichukue. Mweupe akichukua kitunda cha e5, malkia wote wawili wanatoka ubaoni, shambulio linazimika, na vitunda vya mweupe upande wa malkia vinabaki vimetengana. Tangu hapo gambiti ile ilipoteza makali yake mengi.

Farasi_wa_f3:

Nawashukuru nyote wawili. Lakini Steinitz na Lasker walikuwa na muda wa kuchambua wakiwa wametulia. Mimi nina dakika chache ubaoni. Nitaitambuaje kafara batili bila programu?

Mhesabu_Hatua anajibu:

Hata mabingwa hukosea wakiwa na saa nzima, kwa hiyo usijilaumu sana. Mwaka 1960, katika mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia, Tal alimtoa farasi f4, bingwa Botvinnik akampokea, na katika hatua ya 25 akala malkia kwa ngome badala ya kula kitunda cha f3 kwa askofu. Kafara ilikuwa na kasoro, na Tal akashinda.

Kuhusu kuitambua: usianze na kipande kikubwa kilichowekwa mbele yako. Tafuta kama kuna kidogo kinacholiwa kwa usalama. Mfano mzuri ni mtego wa Légal. Askofu wako yuko g4, amemfunga farasi wa mweupe mbele ya malkia, na farasi wako yuko c6. Mweupe anakula kitunda cha e5 kwa farasi huyo na kumwacha malkia. Ukimla malkia, askofu anakula f7, mfalme anakwenda e7, farasi wa pili anaruka d5, nayo ni mati. Lakini ukimla farasi wa e5 kwa farasi wa c6, yeye hapohapo anamlinda askofu wako wa g4, na mweupe amepoteza farasi kwa kitunda kimoja.

Angalia basi jinsi msingi wa kafara ulivyo mwembamba. Mweupe angetanguliza kitunda h3 na askofu wako akarudi h5, kafara ileile ingekuwa sahihi, kwa kuwa farasi wako akifika e5 halindi h5. Malkia angemla askofu, wewe ungemla askofu wake wa c4, naye malkia angekutishia mfalme kutoka b5 na kumchukua farasi wako, akibaki na kitunda cha ziada.

Farasi_wa_f3:

Nimeipanga ubaoni sasa hivi. Wiki iliyopita nilichezewa hivyohivyo, bila h3, nami nikamla malkia.