Mhamiaji asubiri miaka kumi ndipo anunue shamba na kugombea uenyekiti wa kijiji? Mimi napinga

Wakuu, salamu kutoka Kaliua, mkoani Tabora. Huku kwetu kuna hoja inayosemwa kila penye watu, mashineni, mnadani, hata msibani: kwamba kila anayehamia na mifugo asubiri, wengi wanataja miaka kumi, kabla ya kuruhusiwa kununua shamba au kugombea uongozi wa kijiji. Naileta tuijadili waziwazi. Mimi ni Mnyamwezi, nimezaliwa huku, mzee wangu alilima tumbaku na kurina asali, na hoja hii siiungi mkono.

Ukubwa wa jambo haubishaniwi. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Tabora una watu 2,291,623. Ya 2022 ikakuta 3,391,679. Ni ongezeko la zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na si wote hao waliozaliwa hapa. Wengi wa waliohamia ni ndugu zetu Wasukuma kutoka upande wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambako shamba la babu limegawanywa kwa wajukuu mpaka ng'ombe hawana pa kukanyaga. Wanakuja na familia nzima, plau na makundi ya mifugo.

Malalamiko ya wenyeji ni ya kweli, asiyadharau mtu. Chukua mihogo. Mahindi yakishavunwa, mfugaji anaona mabua tu, anaingiza ng'ombe. Lakini mihogo yetu inakaa shambani kiangazi chote, ndiyo akiba ya kaya. Kundi likipita usiku mmoja, mama wa watu amekwisha. Kisima cha kunywa nacho kinageuka tope. Mrina asali anafika porini anakuta mti aliotundika mzinga umeangushwa ili pafunguliwe shamba. Mambo haya yakijirudia kila mwaka, hata utani wa Wanyamwezi na Wasukuma unaanza kuwa na uchungu ndani yake.

Sasa tuulizane: ardhi hiyo wameipataje? Huku kwetu hakuna aliyekuja na panga akapora. Wameuziwa, na waliouza ni sisi. Kijana anataka pikipiki, anauza heka za baba yake bila mama kujua. Mwingine anataka bati. Wanakaa kwa mwenyekiti na mashahidi wawili, karatasi ya daftari inaandikwa, muhuri unagongwa, pesa ya muhuri inatoka. Mwaka unaofuata eneo lilelile linauzwa kwa mtu mwingine, na ugomvi ukizuka tunasema wageni wametuvamia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haikuacha mambo hivyo. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, na hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ni vijiji vingapi huku kwetu vinaitisha mkutano mkuu ili kujadili nani apewe eneo, wapi, na ana ng'ombe wangapi? Mikutano tunayoitiwa ni ya michango.

Ndiyo maana miaka kumi naiona ni dawa itakayozidisha ugonjwa. Mwenye ng'ombe mia mbili hatakaa miaka kumi akisubiri, mifugo inataka majani leo. Atanunua kwa jina la mwenyeji, kwa siri zaidi na kwa bakshishi kubwa zaidi, na faida itaingia kwa walewale wanaotuuza sasa. Tena Katiba, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Akishakuwa mkazi na ametimiza miaka 18, ni mjumbe wa mkutano mkuu kama mimi. Ukimnyima sauti, utamwambiaje aheshimu sheria ndogo ya mifugo ambayo hakushiriki kuitunga?

Halafu tusijifanye kwamba sehemu hizi zilikuwa zetu peke yetu tangu zamani. Urambo ililetewa mradi wa karanga wa Waingereza miaka ya 1940, ukavuta watu wa kila kona. Ulyankulu ilipokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na mwaka 2014 wakimbizi wa kundi hilo wapatao 162,000, pamoja na wa makazi ya Katumba na Mishamo, wakapewa uraia. Tumeishi nao, tumeoana nao. Leo Mtanzania kutoka Meatu, Simiyu, ndiye aambiwe asubiri? Na miombo tunayowalaumu kwa kuimaliza, sisi tumeichoma miaka na miaka kwenye mabani, majengo ya kukaushia tumbaku ya mvuke. Wao walichofanya tofauti ni kuzigeuza mbuga za mabondeni tulizoziona hazina kazi kuwa majaruba, na mpunga wake tunaula wote.

Nanyi ndugu zetu wahamiaji, mna la kujibu. Wengi mnajenga kitongoji chenu pembeni, mkutanoni hamfiki, mchango wa darasa mnakwepa, na mtu mmoja akishapokelewa anavuta mifugo ya ukoo mzima kwa jina lake. Hilo haliwezekani. Idadi ya mifugo lazima itamkwe mbele ya mkutano mkuu na iandikwe, na anayeizidisha aondoe ziada. Ninachotaka mimi ni kwamba mauzo yote yasimame hadi kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi: malisho yajulikane, njia ya mifugo, lambo, msitu wa mizinga. Wahamiaji wawemo kwenye halmashauri na kwenye baraza la ardhi la kijiji, wasikie kesi za mihogo kwa masikio yao.

Kuna hofu moja ambayo wazee wanaisema kwa sauti ya chini, na tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 imekua: wakituzidi kura, si watagawiana kila kitu? Kwa shamba la mtu binafsi jibu ninalo. Kateni hati za kimila sasa, kila kaya, jina la mume na la mke. Mwenye hati haogopi kura. Lakini msitu na malisho ni vya wote, na walio wengi wanaweza kubadilisha mpango wowote tuliouweka. Hapo ndipo nataka msaada wenu. Walioko Sikonge, Uyui, na ng'ambo kule Uvinza, ambao vijiji vyenu vilishapimwa na kupangwa: mifugo ilipoongezeka, mipaka ya msitu ilishika? Faini alitoza nani, na je, mfugaji alilipa kijijini au alimalizana na mtu pembeni?