Leseni "ya kudumu" ya programu za muziki imedumu miaka minne. Leo natoa povu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira, mwenye moyo mwepesi apite kimyakimya. Na wale wa "si ungetumia kraki tu", yaani programu ya wizi iliyovunjwa kufuli, nawaona mnavyokunja mikono ya shati. Subirini, zamu yenu inakuja.

Mimi ni prodyuza wa chumbani, Morogoro. Nikisema chumbani ni chumbani kweli: magodoro mawili chakavu ukutani, monita juu ya stuli, na feni inazimwa msanii akianza kuimba. Ndiyo kazi inayonilisha. Narekodi kwaya, kaswida, matangazo ya maduka, na madogo wa Bongo Fleva wanaolipa nusu leo na nusu "nikitoboa".

Mwaka 2021 nikajiambia nimeshakuwa mtu mzima, wizi basi. Nikanunua pakiti ya plagini za vokali, yaani viprogramu vinavyoingia ndani ya programu ya kurekodia kupika sauti ya mwimbaji, kutoka kampuni moja ya nje, jina silitaji. Ndani kuna EQ (kusawazisha sauti nene na nyembamba), kompresa (kusawazisha sauti kubwa na ndogo), riverbu (mwangwi) na ile ya kunyoosha sauti iliyotoka nje ya noti. Dola 149. Wakati ule dola ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo unakaribia 343,000, na kwangu hiyo ni kodi ya miezi mitano. Kadi yangu ya benki ikakataliwa mara tatu. Nikampigia shemeji, akalipa kwa kadi yake na kunikata ya usumbufu juu. Sikujali. Kwenye tovuti walikuwa wameandika kwa herufi nene kwamba leseni ni ya kudumu.

Mwezi uliopita umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, laptopu ikatoa harufu. Fundi akafungua, akanusa, akafunga. "Bodi, kaka." Diski ilipona, projekti zote zipo. Nikakopa kwenye kikoba cha mke wangu (hapo nyumbani bado sijasamehewa), nikachukua laptopu ya mtumba yenye Windows 11. Programu ya kurekodia ikaingia bila shida. Plagini zikadai intaneti, nikanunua bando. Zikadai akaunti, nikaingia. Ndipo nikaambiwa leseni yangu inatumika kwenye mashine nyingine, kwa hiyo niende kwenye mashine hiyo nikaizime kwanza.

Nikaizime wapi? Kwenye maiti?

Nikawaandikia. Siku ya kwanza likajibu roboti, likaniambia niende kwenye mashine ya zamani nikaizime. Siku ya pili roboti tena, maneno yaleyale. Siku ya nne akaja binadamu, mpole kweli, anasema pole nyingi. Wataihamisha leseni kwa hisani yao, ila toleo langu la 2021 hawalihudumii tena kwenye mfumo mpya. Nina njia mbili: nilipie mpango wa masasisho, au nihamie kwenye kifurushi cha dola 15 kila mwezi. Yaani kitu nilichonunua nikipangishwe.

Na huku nina kwaya. Nyimbo nane, uzinduzi Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mabango yameshabandikwa. Wasiofanya kazi hizi niwaeleze kidogo: ukifungua projekti bila plagini, programu inakuwekea kisanduku kitupu kinachosema haipo. Mipangilio uliyohangaika nayo wiki tatu haijafutika, imo humohumo ndani ya faili, ila anayeweza kuisoma ni plagini yenyewe tu. Kwa hiyo mama wa solo amerudi mbichi kabisa. Pumzi zote unazisikia. Kuna kuku wa jirani nilimzima kwa geti, plagini ya kuzima sauti ndogondogo, tangu mwezi wa pili, leo kafufuka katikati ya ubeti wa tatu.

Najua kosa langu, msinifundishe. Kila ukimaliza vokali, itoe kama WAV, faili la sauti lisilohitaji plagini, ile kavu na ile iliyopikwa, tia kwenye diski ya pembeni. Nilijua na sikufanya. Lakini uzembe wangu haugeuzi neno "kudumu" likawa na maana nyingine.

Na msidhani ni kampuni moja imeamka vibaya. Angalieni tasnia nzima inavyokwenda. Machi 2023 Waves, kampuni kubwa ya plagini, walitangaza kwamba hawauzi tena leseni za moja kwa moja, kila kitu ni kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Dunia nzima ikawashukia, na ndani ya siku chache wakarudisha mauzo ya kawaida. Walirudi kwa sababu ya kelele, hakuna sababu nyingine, ndiyo maana na mimi nimekuja kupiga zangu hapa.

Cakewalk ndiyo inayoniuma kuliko zote, ingawa sikuwahi kuitumia. Mwaka 2016 waliwauzia watu wa SONAR, programu yao ya kurekodia, masasisho ya maisha yote. Maisha yote! Novemba 2017 Gibson, wale wa magitaa, waliokuwa wanaimiliki, wakatangaza kwamba wanasimamisha utengenezaji wake. Sasa yale maisha yalikuwa ya nani, ya mteja au ya nzi? Bahati BandLab wa Singapore waliichukua Februari 2018 wakaigawa bure. Lakini mtu aliyelipa mwaka 2016 akakuta amelipia kitu ambacho jirani yake anapakua bila senti.

Steinberg nao, wenye programu ya kurekodia ya Cubase, kwa miaka walifunga leseni kwenye kijiti cha USB. Mei 2025 huduma ya kijiti hicho ikafungwa. Kilicho hai kinaendelea kufanya kazi. Kikiungua au kikipotea, programu yako ya zamani imekwenda nacho. Upande wa Mac, Apple walipotoa mfumo wa Catalina mwaka 2019 programu zote za muundo wa zamani wa biti 32 zikalala, na plagini za zamani ambazo watengenezaji wake hawakuzigusa tena zikalala nazo. Leseni unayo mkononi, kitu chenyewe hakiamki.

Halafu kuna watu wanasema biashara haiwezi kwenda bila kufuli la intaneti. Uongo. Image-Line wa Ubelgiji wanauza FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, tangu ikiitwa FruityLoops mwaka 1997. Unanunua mara moja, matoleo mapya unapewa bure, na kuifungua unapakua faili dogo la usajili, unalibeba hata kwenye flashi mpaka kwenye mashine isiyojua intaneti ni nini. Hawajafilisika. Reaper leseni ya punguzo ni dola 60, programu yenyewe ni nyepesi unaipakua kwa bando la kuchati, na aliyeianzisha ni yuleyule jamaa wa Winamp tuliyokuwa tunachezea miziki kwenye intaneti kafe. Serum, plagini ya sauti za kinanda ya mwaka 2014, walipotoa Serum 2 Machi 2025, wote wenye ile ya kwanza walipewa bure. Na ukishindwa kuilipa kwa mkupuo kuna njia ya Splice, ambapo unalipa kidogokidogo kila mwezi hadi bei itimie, na ikitimia ni yako. Hata mwenye duka la friji mtaani kwetu anaelewa biashara hiyo.

Sasa nyie wa kraki. Nimeshatumia kraki, nani hapa hajatumia? Nilianza nayo 2012, FL niliyopewa kwenye flashi na rafiki, pamoja na virusi waliokula picha zote za harusi ya dada yangu. Sitaki kurudi huko. Ila kinachonikera ndicho hiki: dogo wa mtaa wa pili ana pakiti ileile niliyoinunua, kaivunja kufuli, na haijawahi kumuuliza kitu. Umeme ukikatika, akibadili laptopu, akikosa bando, yeye anadunda. Mimi mwenye risiti ndiye ninayesimamishwa getini na kuulizwa kitambulisho kila mara. Kufuli lao limemkamata mteja, mwizi yuko ndani anagonga biti. Juzi alikuja kuniazima kebo, akaniuliza, "Bro, kwani wewe ulilipa ili iweje?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikampa kebo.

Na hawa jamaa, wanapopanga mitambo yao, wanamfikiria mtu mwenye intaneti ya waya masaa yote na kadi isiyokataliwa. Hawamfikirii mtu anayenunua bando la usiku apakue maktaba ya ala za okestra ya GB makumi, likakatikia asilimia tisini, aanze upya kesho. Wala hawajui LUKU inaweza kuisha katikati ya kuhakiki leseni. Dola 15 kwao ni chakula cha mchana. Kwangu ni vokali za wimbo mmoja mzima.

NYONGEZA 1: Aliyesema niende kwenye kifurushi cha mwezi "maana ni uwekezaji", mkuu, ninapokosa kazi miezi miwili, na hukosa kila Mfungo na kila Kwaresima, zile projekti zangu za mwaka jana nitazifunguaje? Kwa uwekezaji?

NYONGEZA 2: Wengi mmeuliza kwa nini nisimiksi upya kwa plagini za bure zinazokuja na programu. Nimeanza. Nyimbo mbili zimefika pazuri, siwezi kudanganya, moja hata imekuwa afadhali kuliko mwanzo. Sita zimebaki na siku ni tisa. Ile ya kunyoosha sauti ndiyo kikwazo, sauti ya tatu ya wanaume ilirekodiwa siku ya mvua na kila mtu aliimba kwa ufunguo wake.

NYONGEZA 3: Kampuni wamenijibu saa hizi. Wamefunga tiketi yangu na kuniomba nijaze dodoso la kuridhika kwangu.

Kwa hiyo naomba hivi: mwenye laptopu yenye pakiti ya vokali ya 2021 inayofanya kazi, aliyeko Moro au hata Dar, anicheki PM nimtajie ni ipi. Nahitaji siku mbili tu, nifungue zile sita, nitoe WAV, nirudishe. Nauli yangu, chakula juu yangu, na diski nakuja nayo. Niko karibu na Msamvu.